Mkaguzi Katika Darasa la Wifi Yake

Walimu walimwita Mama Dawati, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akisikia. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Wakaguzi wengine wakifika shuleni huwekewa kiti chenye mto mbele ya darasa, karibu na mlango, wakaketi hapo wamenyooka kama wanaopigwa picha. Yeye kiti alikikataa. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma kabisa, akamwambia mtoto, "Nisogezee kidogo, mwanangu," akajibana kwenye dawati. Umbo lake halikuwa dogo. Kuna siku dawati lilimng'ang'ania, ikabidi walimu wawili wamvute mkono huku na huku, naye akacheka kuliko watoto wenyewe.

"Ukikaa mbele unamwona mwalimu," alikuwa akisema. "Ukikaa nyuma unaona somo linaishia wapi."

Hilo hakulisoma kwenye mwongozo wowote. Alipokuwa mwalimu mchanga, mkaguzi mmoja alimpokonya chaki mbele ya watoto, akafuta ubao wake wote, akaandika upya. Kesho yake watoto walimtazama kwa huruma, na huruma ya mtoto mdogo inauma kuliko kofi. Ilipita miaka, akaja mkaguzi mwingine, mama mmoja wa makamo mwenye kikohozi kisichokwisha. Huyo alisikiliza kipindi chote, kisha akamwuliza, "Hapa kinachokusumbua ni nini, binti yangu?" Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo tangu aajiriwe. Alimweleza habari ya darasa lililofurika na vitabu vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yule mama hakuwa na vitabu vya kumpa, lakini alikaa naye mchana kutwa wakitafuta namna ya kuvizungusha vile vichache vilivyopo. Alipoondoka, kazi ya ukaguzi ilikuwa imepata mtu.

Basi mtu huyo, aliyeweza kumwona mtoto aliyekalia daftari lake ili lisisahihishwe, nyumbani kwake alikuwa na jambo moja lililomshinda. Wahenga walisema mganga hajigangi. Jambo lenyewe lilikuwa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwalimu wa darasa la nne, mrefu, mkavu, mwenye kutembea kama aliyemeza rula. Zamani wawili hao walikuwa chanda na pete. Wifi ndiye aliyemfundisha mke wa ndugu yake kumkanda mtoto mchanga, na ndiye aliyemtetea kwa mama mkwe siku alipounguza pazia kwa pasi. Kisha urafiki ukapoa, na Mama Dawati aliijua siku ulipopoa.

Ilikuwa majuma machache baada ya kumzika mama yake mzazi. Wifi alikuwa amekuja kusaidia kazi za nyumbani, amesimama jikoni akiosha vyombo, bomba linamwaga maji. Mama Dawati alisimama mlangoni nyuma yake, akasema neno ambalo hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe: "Wifi, silali. Nikifumba macho namwona mama. Naogopa nitarukwa na akili."

Wifi aliendelea kusugua sahani. Akaisuuza. Akaipanga. Kisha akafunga bomba, akageuka na kuuliza, "Ile sufuria kubwa mnaiweka wapi?"

Mama Dawati alimwonyesha sufuria inapokaa, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo kila kitu kikawa ushahidi. Alimsalimia wifi yake uani, wifi akapita kama upepo. Alimwomba chumvi mezani, wifi akaendelea kutafuna. Watoto walikuwa wakitaniana kwamba shangazi ana kizingiti masikioni, maneno mengine yanaruka na mengine yanajikwaa. Mama Dawati hakucheka.

"Dada yako ananidharau," alimwambia mumewe.

"Dada ndivyo alivyo. Hata sisi wadogo zake anatupita hivyo hivyo, mama watoto."

"Nyinyi anawapita kwa haraka. Mimi ananipita kwa makusudi."

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Siku moja, ratiba ya ukaguzi ilipobandikwa ofisini, Mama Dawati aliisoma, akaenda kugonga mlango wa mkuu wake.

"Mkuu, shule hii yupo wifi yangu. Nipange kwingine."

Mkuu alivua miwani. "Kwingine wapi, mama, na sisi tuko wachache hivi? Utakwenda na Kalamu Nyekundu. Darasa la wifi yako ataingia yeye, na atakaloandika juu yake wewe usiliguse."

"Sitaligusa."

Kalamu Nyekundu alikuwa mkaguzi mwenzake, kijana nadhifu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukata mkate. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba makosa ni kama panya: usipoyamulika hayatoki. Jina lake nalo walimpa walimu.

Walifika shuleni asubuhi. Mawe ya kando ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa usiku wa kuamkia siku hiyo, bado inaganda kwenye viatu. Mlango wa ofisi ulipambwa kwa maua ya makopo ambayo mizizi yake haikuwa na habari ya kuhamishwa. Vyoo vilikuwa wazi, vinanukia dawa, na kando ya ndoo ya maji kulikuwa na kipande cha sabuni ambacho hakijatolewa kwenye karatasi yake.

"Karibuni sana, karibuni," alisema mwalimu mkuu, mtu mfupi aliyekuwa akijifuta jasho kabla jua halijapanda. "Jisikieni mko nyumbani."

"Nyumbani kwangu sabuni tunaitoa kwenye karatasi, mwalimu mkuu," alijibu Mama Dawati.

Mwalimu mkuu alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole.

Wakagawana kazi. Mama Dawati alikaa nyuma ya darasa la pili, akapekua madaftari, akamwuliza mwalimu maswali yake ya kawaida. Alikuwa anatoka humo wakati wa mapumziko alipomwona Kalamu Nyekundu anamjia, amekunja uso.

"Samahani, dada, ila wifi yako ana kiburi."

"Amefanya nini?"

"Mtoto kamwuliza swali mara tatu. Mara tatu! Yeye kampa mgongo, anaandika ubaoni kana kwamba ni nzi anavuma. Nimeandika hajali wanafunzi."

Mama Dawati alijaribu kusikitika. Kilichomjia kwanza hakikuwa masikitiko. Kilikuwa kitu kitamu kidogo, utamu wa mtu aliyepata shahidi baada ya kesi ndefu. Akauonea aibu utamu ule, na pengine ni aibu hiyo iliyomfanya aseme:

"Umemwona kipindi kimoja. Utaratibu wetu ni kumwona mwalimu mara mbili kabla ya kumwandika."

"Mambo mengine mara moja yanatosha."

"Mara mbili, ndugu yangu. Hata chai yenyewe mtu hahukumu kwa funda la kwanza."

Kalamu Nyekundu alitazama saa yake. "Haya. Twende wote, basi. Atakayeandika ni mimi, wewe utakaa tu."

Kipindi kilikuwa cha hesabu, somo la sehemu: nusu, robo na wenzake. Kalamu Nyekundu alikalia kiti chake cha mlangoni. Mama Dawati alipita katikati ya madawati mpaka nyuma, akakaa kando ya msichana mdogo ambaye sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alikuwa amehamia shuleni hapo juma hilo. Wifi mtu alimwona mkaguzi wake, akamwinamishia kichwa mara moja, akaanza kazi.

Na kazi aliijua. Alikunja karatasi nusu, akaikunja tena, akaifungua mbele ya watoto na kuwauliza wanaona nini. Kila aliyeinua mkono alifuatwa mpaka alipo. Wifi aliinama, akamtazama usoni kwa makini, kama anayesoma maandishi madogo, kisha akamjibu yeye na darasa zima. Mama Dawati alikuwa amekaa nyuma ya madarasa mengi, na walimu waliowatazama watoto namna ile hakuwa amewaona wengi. Alijikuta anafuata somo.

Kisha wifi akageukia ubao kuandika mfano. Yule msichana mgeni akainua mkono. "Mwalimu, kwa nini chini tumeandika nne?"

Chaki iliendelea kutembea.

"Mwalimu! Kwa nini chini ni nne?"

Mtoto wa dawati la mbele aligeuka haraka. "Subiri ageuke," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Akikupa mgongo hakusikii. Leo asubuhi pia si nilikwambia? Subiri ageuke. Na usiseme kwa mtu—"

Hapo ndipo alipokumbuka aliyekaa kando ya mgeni. Akamtazama Mama Dawati, macho yakamtoka, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mbele, wifi aligeuka. Mkono wa mgeni ulikuwa bado uko juu. Akaja mpaka nyuma, akainama, akamtazama mtoto akiuliza. "Swali zuri sana hilo," alisema, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na kuikunjua tena karatasi yake.

Mama Dawati hakusikia jibu. Alikuwa jikoni kwake, miaka miwili nyuma, bomba linamwaga maji.

Aliponyanyua uso alimpungia Kalamu Nyekundu mkono aje. Kijana wa watu alisita, akatazama suruali yake, akaja, akajipenyeza kwenye dawati la upande wa pili.

"Nini?"

"Kaa tu. Tazama."

Kitambo kidogo, kengele ya nje ikalia. Ilikuwa kengele ya chuma inayopigwa kwa nondo, ya kumwamsha aliyelala mtaa wa pili. Wifi aliendelea kufundisha. Hakukunja uso, hakuharakisha, hakutazama mlango. Watoto wa mstari wa mbele wakafunga madaftari yao kwa pamoja, taratibu, na hapo akatabasamu. "Naona muda umetuishia."

Kalamu Nyekundu alimgeukia mwenzake, kalamu imekaa vidoleni kama kijiti asichojua matumizi yake.

Walisimama kwenye ukumbi wa nje. "Hakuisikia kengele," alisema kijana.

"Hakuisikia."

"Kwa hiyo nifute lile la asubuhi?"

"Mimi siwezi kukuambia uandike nini. Ni wifi yangu. Umeona ulichokiona."

Kijana alijikuna shingo. "Hili ni zito kuliko kiburi, dada. Kiburi mtu anaonywa, yanaisha. Masikio haya, mwalimu mkuu akijua, kesho anamtoa darasani." Akaitia kalamu mfukoni. "Nitaongea naye kwa upande wa kazi. Lakini nenda wewe kwanza, kwa upande wa nyumbani. Mimi ngoja nikaikague hiyo sabuni."

Wifi alikuwa amebaki peke yake, anafuta ubao. Mama Dawati hakumwita kutoka mlangoni. Alizunguka mpaka mbele yake.

"Wifi."

"Wifi. Umezionaje sehemu zangu?"

"Nimejifunza mwenyewe. Wifi, kengele imelia ukaendelea."

Kitambaa cha kufutia kilisimama. "Nilikuwa namalizia."

"Wifi."

Yule mrefu, mkavu, aliyemeza rula, alikaa juu ya dawati la mtoto. Ikawa kama rula imevunjika. "Sikio la kushoto lilianza zamani," alisema. "Nikasema lipo la kulia. Sasa na la kulia linaondoka. Lakini watoto hawajui. Nimejipanga vizuri, hakuna mtoto anayejua."

Mama Dawati angeweza kuliacha lipite. "Wanajua, wifi. Wanaambizana wasubiri ugeuke. Hata mgeni wa juma hili wamekwishamfundisha."

Wifi alitazama madawati matupu, safu kwa safu, kana kwamba watoto bado wamekaa. Machozi yalimtoka bila sauti. Kwa muda mrefu alidhani anawaficha wao, kumbe wao ndio waliokuwa wakimficha.

"Usiandike," alisema mwishowe. "Ukiandika umenizika nikiwa hai."

"Mwandishi si mimi. Ila sitamwomba mwenzangu afumbe macho. Leo asubuhi mtoto ameuliza mara tatu. Yule ana moyo, amerudia. Mwingine akiuliza mara moja asijibiwe, hatauliza tena."

"Kwa hiyo umekuja kunifukuzisha kazi."

"Nimekuja kukuuliza kinachokusumbua. Nilitakiwa nikuulize nyumbani, siku nyingi." Akavuta pumzi. "Wifi, ile siku ulipokuwa unaosha vyombo kwangu, baada ya msiba, mimi nimesimama mlangoni. Unakumbuka nilichokuambia?"

"Uliniambia kitu?"

"Nilikuambia silali. Nilikuambia namwona mama, naogopa nitarukwa na akili."

Wifi alikuwa akimtazama mdomo, neno kwa neno. Uso wake ukabadilika polepole. "Na mimi nilisemaje?"

"Uliuliza sufuria kubwa inakaa wapi."

Wifi aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Na tangu siku hiyo umelibeba?"

"Tangu siku hiyo."

"Mimi nilijua mmenichoka. Nikija kwenu naona midomo inakimbia, mnacheka, nami nacheka baada yenu kama behewa la mwisho. Nikawa nasema moyoni, siku nyingine nisije." Alimshika mkono kwa nguvu. "Ulikuwa hulali, mdogo wangu, na mimi naulizia sufuria."

Kalamu Nyekundu alizungumza naye baadaye kwa kirefu, wamekaa uso kwa uso, na aliyoyaandika yalikuwa marefu kuliko kawaida yake. Aliandika kwamba ufundishaji ni mzuri, na akaeleza uzuri wenyewe uko wapi. Aliandika kwamba mwalimu hasikii wanafunzi anapowapa mgongo, apewe ruhusa ya kwenda hospitali bila kuchelewa; madawati yapangwe kwa nusu duara aone nyuso zote; na ubao wa mifano uandikwe kabla ya kipindi.

Mwalimu mkuu alipoelezwa alishtuka. "Miaka yote hii, kumbe? Basi nimpeleke chumba cha vitabu, akatunze vitabu."

"Mwaka huu umeingia darasani kwake mara ngapi?" aliuliza Kalamu Nyekundu.

Mwalimu mkuu aligeuka akayatazama maua yake.

"Mkaguzi wa kwanza wa shule ni wewe," alisema kijana, bila ukali. "Sisi tunapita tu."

Mambo hayakunyooka siku hiyo wala juma hilo. Habari zilienea chumba cha walimu kabla wino haujakauka. Mzazi mmoja alikuja kudai mtoto wake ahamishwe kwa mwalimu anayesikia. Wifi akapumzishwa darasani akisubiri vipimo, na hasira zake zikatafuta pa kutua. Alimpigia ndugu yake simu akapayuka bila kungoja jibu: mkewe kamwanika juani kama mtama. Kwa majuma kadhaa hakukanyaga nyumbani kwao.

"Mimi mniambie nisimame wapi," alilalamika mume. "Huyu dada, huyu mke. Nimekuwa mlango: kila mmoja ananibamiza."

"Simama hapo hapo," alisema mkewe. "Ukiondoka tutagongana."

Hata yeye hakuwa na amani. Kuna nyakati alijiuliza kama angekaa kimya, kungeharibika nini. Kisha alimkumbuka mtoto mwenye sare mpya na mkono wake hewani, akaendelea na kazi.

Ujumbe wa wifi ulimfikia kwenye simu akiwa katikati ya ukaguzi mwingine: *Kesho hospitali. Daktari anaongea chini ya pua. Njoo.*

Hapakuwa na salamu. Mama Dawati aliomba ruhusa, akaenda.

Daktari aliwaambia sikio la kushoto limekwisha kwenda, ila la kulia kifaa kitalisaidia. Wifi alikichukia kile kifaa siku za kwanza. Alisema kinamletea takataka zote za dunia: mlango unavyolia, vijiko, mtu anavyovuta kamasi chumba cha pili. "Na hizi ndala zangu zinapiga kelele namna hii miaka yote, hamkuniambia?" alimkemea ndugu yake. Lakini alirudi darasani. Siku ya kwanza aliwaambia watoto mwenyewe, akawaonyesha kifaa, akawaruhusu wakiguse kwa zamu. Aliwaambia bado kuna maneno yatakayompita, na asiyejibiwa ni haki yake kupiga dawati kwa kiganja. Inasemekana kwa siku mbili tatu darasa hilo lilipiga madawati kama ngoma, swali liwepo lisiwepo, mpaka akatishia kukizima kifaa.

Yule mzazi alimhamisha mtoto wake kweli. Wengine hawakuwahamisha. Mkaguzi mwingine, asiye na undugu, alikuja kuangalia kama mapendekezo yametekelezwa, akaona nusu duara ipo na ubao umeandikwa mapema. Wifi alifundisha mpaka alipofikisha umri wa kustaafu. Asante kwa wifi yake hakuitamka, naye Mama Dawati hakuidai; ila alianza tena kuja kwao siku za mapumziko, na akija walikaa wameelekeana, wakaongea mpaka kinywaji kikapoa.

Mojawapo ya siku hizo wifi ndiye aliyepika chai, akaimimina na kurudi jikoni kufuata sukari. Ndugu yake akaonja, akamwinamia mkewe. "Hii chai," alinong'ona, "majani yamepitishwa juu juu kama kwa ndege."

"Nimesikia!" ilitoka sauti jikoni.

Mume alipaliwa. Watoto walilala mezani kwa kicheko. Wifi alitokea mlangoni, mrefu, amenyooka, kopo la sukari mkononi, akamtazama ndugu yake kwa jicho la darasa la nne mpaka akakimaliza kikombe chote, na cha pili akamwongeza.